Kikundi cha kuzoa taka Mabatini mlimani: toyo moja itatosha? Na mboji je?

Kokoto_Nyamagana
Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha vijana 12 kinachojiandaa kuomba kazi ya kuzoa taka kwenye mtaa mmoja wa Mabatini, jijini Mwanza. Kaya ni kama 400, nusu ziko juu kwenye mawe. Huko hakuna gari wala toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) inayofika, ni ngazi na vichochoro tu. Taka zitashushwa kwa viroba hadi barabarani, toyo izipeleke ghubani (pa kukusanyia taka za mtaa), na kutoka hapo gari la halmashauri lizipeleke dampo la Buhongwa. Wazo ni kutenganisha: plastiki na vyuma viuzwe, zinazooza ziwe mboji. Toyo moja inatosha? Kaya ipewe vyombo vingapi? Na mboji inawezekana, au ni kujitafutia nzi na ugomvi na majirani?

MizaniKwanza
Mkuu, kabla ya toyo nunueni mzani wa kuning'iniza wa kilo 100. Chagueni kaya 30, za juu, za katikati na za barabarani, mkichanganya na zenye genge au mama lishe. Pimeni kila siku kwa siku 8. Siku ya kwanza msiihesabu, maana hizo ni taka zilizolala.

Mkiwa bado hamjapata namba zenu, kadirieni kilo 0.4 kwa mtu kwa siku. Kaya 400 za watu watano ni kilo 800 kwa siku, yaani tani 5.6 kwa wiki. Taka zetu ni nzito: maganda ya ndizi na mihogo, majivu ya mkaa, mchanga wa kufagia. Hesabuni kilo 300 kwa mita moja ya ujazo. Toyo yenye bodi la mita za ujazo 1.3 hivi inajaa kwa kilo 400, kwa hiyo ni safari 14 kwa wiki. Toyo moja inatosha, na muda wa kuifanyia matengenezo unabaki.

Patakapowakwamisha ni kwenye ngazi. Nusu ya mzigo, kilo 2,800, inashuka mgongoni. Kiroba kisizidi kilo 20, hasa ngazi zikiwa zimelowa, kwa hiyo ni viroba 140 kwa wiki. Mkizoa siku nne ni viroba 35 kwa siku. Hapo ndipo watu wenu 12 watakapohitajika, na hapo ndipo vikundi vingi hukosea: pesa yote inaishia kwenye toyo, malipo ya wabebaji yanakosekana.

Vyombo ni viwili tu. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko (zile za rangi zinafaa) kwa zinazooza, na kiroba kwa kavu. Cha tatu hakikai. Kaya ya chumba kimoja haina pa kukiweka. Pampasi na pedi zifungwe kwenye mfuko wake, ziende moja kwa moja ghubani, asizifungue mtu. Majivu ya mkaa yapoe usiku kucha kwanza. Kaa moja lililojificha linatosha kuunguza kiroba, na baadaye ghuba zima.

Kaya ipitiwe mara mbili kwa wiki, siku na saa zilezile. Mkiikosa mara mbili mfululizo, watu wanarudi kusubiri mvua na kumwaga mtaroni, na cha mtaroni kinaingia Mto Mirongo na kuishia ziwani.

FundiMboji
Mboji inawezekana, ila si hapo mlimani na si kwa taka zote. Chukulia zinazooza ni asilimia 60, yaani karibu tani 3.4 kwa wiki. Ukichanganya na kikavu unapata tuta la kila wiki lenye upana wa mita 2, kimo mita 1.3, urefu kama mita 6. Kila tuta linahitaji wiki 8 hadi 10. Pamoja na njia za kupita na pa kuchekechea ni mita za mraba 250 hadi 300. Mabatini utazipata wapi? Anzeni na tani moja kwa wiki kutoka magengeni na sokoni. Ni safi kuliko za majumbani, hazina vioo wala betri.

Kipimo: ndoo 2 za mabichi kwa ndoo 1 ya kikavu. Maranda ni mazuri. Pumba za mpunga tunazo tele huku lakini zinaoza polepole mno; kazi yake kubwa ni kupitisha hewa, kwa hiyo zichanganyeni na majani makavu au maboksi yaliyochanwa. Kamua mchanganyiko kwenye ngumi: matone mawili matatu ni sawa, maji yakichuruzika ongeza kikavu, ukifunguka kama vumbi nyunyiza maji.

Siku ya tatu choma nondo katikati ya tuta, iache dakika kumi, kisha ichomoe na uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikikushinda kushika, joto limepita nyuzi 55, na hilo ndilo linaloua mayai ya nzi na mbegu za magugu. Pindua siku ya 4, ya 8 na ya 12, halafu mara moja kwa wiki, cha nje kiingie ndani. Tuta likinuka kama mayai viza, limekosa hewa: pindua, ongeza maranda. Likinuka mkojo, mabichi yamezidi. Nzi wakijaa, funika kwa sentimita 5 za mboji iliyokomaa. Utumbo wa samaki uwe kidogo sana na uzikwe katikati, la sivyo mbwa watalifukua tuta usiku huohuo. Masika usithubutu bila turubai.

Wengine watawashauri magugu maji kwa sababu ni ya bure. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji! Yaanikwe ufukweni siku nne kwanza, la sivyo mafuta ya toyo yanaisha kwa kubeba ziwa.

Makopo_Kilo
Kwenye plastiki msijidanganye na wingi wa viroba. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina kama gramu 15, kwa hiyo kilo moja ni chupa 65 hivi. Zikiwa hazijakanyagwa, mita nzima ya ujazo haifiki kilo 25. Toeni kifuniko, mwageni maji, kanyageni. Kifuniko ni plastiki nyingine: kikate kipande ukitie majini, kinaelea, wakati kipande cha chupa (PET, namba 1 kwenye alama ya pembetatu) kinazama. Namba 3 (PVC) nayo inazama, na kipande chake kidogo kinaweza kuharibu mzigo mzima wa namba 1 kiwandani, ndiyo maana mnunuzi anakata bei akiiona. Madumu na ndoo zikae kando, kuna tofauti ya bei. Chupa za mafuta ya kula zioshwe au zisiingie kabisa.

Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Bila mashine ya kubana mtakuwa mnasafirisha hewa, kwa hiyo uzeni kwa mnunuzi wa hapahapa mpaka mzigo ukue.

Kokoto_Nyamagana
Shukrani sana wakuu, hesabu ya ngazi hatukuwa nayo kabisa. Vipi kuhusu vibali, tuanzie mkoani?

Ghuba_Safi
Hapana mkuu. Mkoa unasimamia na kushauri. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 mwenye jukumu la taka ngumu ni mamlaka ya serikali za mitaa, na kwenu Mabatini hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Wenzenu wa Kirumba wanakwenda Manispaa ya Ilemela, sheria ndogo na tozo ni zake. Sajilini kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Bila usajili hata mikopo ya asilimia 10 (ile ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu) hamuipati. Tozo za kaya zilipwe kwa kontroo namba, asipokee mtu pesa mkononi. Mkitaka kufanya biashara ya vyuma chakavu, ulizeni kwanza ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Kwenye mkataba angalieni kifungu cha gari la ghuba. Tani 5.6 ni karibu mita 19 za ujazo kwa wiki, hata mkitoa za mboji na za kuuza bado ghuba linajaa upesi, na likifurika wananchi watawalaumu ninyi. Iandikwe gari linakuja siku gani, isiandikwe "kadiri itakavyohitajika".