Eko ya kwanza EF 38: picha inaweza kusema moyo wa mzee utakuwaje baadaye?

Binti wa Ngamiani
Habari za jioni wakuu. Baba yangu, miaka 61, fundi cherehani hapa Tanga, alipata mshtuko wa moyo mwezi uliopita. Tukamkimbiza Dar, wakamzibua mshipa wa mbele na kumwekea stenti, kile kijibomba cha waya cha kuuweka wazi. Siku ya pili wakampima eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti: EF 38, yaani kila ukijibana moyo unasukuma nje asilimia 38 tu ya damu iliyojaa chemba ya kushoto, na ukuta wa mbele na ncha ya moyo havichezi. Sasa anakula, anatembea mpaka msikitini. Daktari anataka arudi kwa eko nyingine akifikisha miezi mitatu. Kaka yangu anasema huko ni kuliwa hela, moyo si ni uleule? Jirani naye ananiambia kuna MRI ya moyo inayoonyesha kila kitu. Hizi picha kweli zinaweza kutuambia moyo wake utakuwaje miaka mitano ijayo?

Mpima Eko
Pole kwa kuuguza dada. Kupima eko ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nasema ninayoyaona kwenye skrini. Mambo ya dozi muulizeni daktari wake.

Moyo si uleule. Siku ya pili, msuli usiocheza unaweza kuwa umekufa au umezimia tu, na eko ya kawaida haitofautishi. Uliozimia, damu ikirudi, huamka ndani ya siku au wiki kadhaa. Uliokufa hugeuka kovu. Nimeona 38 ikapanda mpaka 50, na nimeona ikashuka chini ya 30. Halafu hata kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani hakiamuliwi mapema: husubiriwa angalau siku 40 tangu mshtuko, au miezi mitatu kwa aliyezibuliwa mshipa, ndipo EF itazamwe kama bado iko 35 au chini.

Ila watu wameishikilia EF kama matokeo ya kidato cha nne. Mimi naangalia kwanza ukubwa wa chemba ya kushoto, ile inayosukuma damu mwilini. Kovu likiwa pana, huwa jembamba na kuvutika. Msuli uliobaki hubeba kazi yote, chemba ya kushoto hutanuka na kuanza kuwa duara. Ikifika huko hata vali ya mitrali, mlango wa kuingilia damu kwenye chemba hiyo, huvutwa isifunge vizuri, damu ikarudi nyuma. Tafuta kwenye ripoti LVESV, ujazo wa damu unaobaki chemba ikishajibana. Mwaka 1987 Harvey White na wenzake huko New Zealand walionyesha kuwa namba hiyo ilitabiri uhai baada ya mshtuko vizuri kuliko EF. Na LVEDV, ujazo wa chemba ikiwa imejaa, ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi kutoka ya mwanzo, wengi wetu tunahesabu kuwa moyo umeanza kuharibika umbo. Ongezeko hulioni kwa picha moja.

Nendeni na ripoti ya kwanza, na kama inawezekana apimwe mashine ileile. Wapimaji wawili wanaweza kupishana pointi tano mpaka kumi za EF kwa mgonjwa mmoja.

Babu Likoni
Binti yangu, mimi yalinikuta hapa Mombasa na MRI nimelala ndani yake. Ni kelele tupu, na kila mara unaambiwa usipumue. Niliogopa stenti itavutwa na sumaku, wakanicheka. Daktari alinionyesha kovu langu: jeupe, na msuli mzima mweusi. Akasema halijafika nusu ya unene wa ukuta, hivyo hapo pana tumaini. Bei lakini, shika ukuta!

Binti wa Ngamiani
Shikamoo babu, asante. Mpima Eko, kwa hiyo tujikaze tutafute MRI?

Mpima Eko
Babu kaeleza vizuri. Kovu likipita nusu ya unene, uwezekano wa sehemu hiyo kuamka ni mdogo. Na MRI ikipigwa siku za mwanzo, doa jeusi katikati ya ule weupe ni ishara mbaya zaidi: mishipa midogo kabisa imeziba ingawa mkubwa umezibuliwa. Lakini kwa mzee wako, hela ikiwa ya kuchagua, mimi ningeanza na nauli ya eko ya pili na dawa za miezi yote mitatu bila kukatika. Utabiri wenyewe hubadilishwa na dawa. Utafiti wa SAVE, 1992, ulichukua wagonjwa 2,231 wenye EF isiyozidi 40 baada ya mshtuko. Vifo kwa waliopewa kaptopril vilipungua kwa asilimia 19 kulinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hizo dawa za jamii ya "-pril" ziko kwenye karatasi yake? Na mwambieni mpimaji aikague ncha vizuri, damu hupenda kuganda pale.

Binti wa Ngamiani
Ramipril ipo, anakunywa usiku. LVESV sijaiona, wameandika EF tu na maelezo mistari miwili.

Mpima Eko
Basi piga simu hapo mlipopimiwa, ombeni picha zenyewe za video kwenye CD au flashi. Zikiwepo, ujazo unaweza kupimwa hata leo.