Kwa nini Anderson alifika miaka 41, na wengine mgongo unapasuka wakiwa na 19?

Chipukizi_Upanga
Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa na wanaoijua kriketi kwa undani.

James Anderson wa Uingereza alianza Testi (mechi za kimataifa za siku tano) pale Lord's, London, Mei 2003, akiwa na miaka 20. Akaagia hapo hapo Lord's Julai 2024, wiki chache kabla hajatimiza 42: Testi 188, wiketi 704 (yaani wapigaji aliowatoa). Pat Cummins wa Australia naye aliingia Novemba 2011 Johannesburg akiwa na miaka 18, akang'oa wiketi 6 kwa mikimbio 79 katika zamu ya pili na kutangazwa mchezaji bora wa mechi. Testi yake iliyofuata ilikuja Machi 2017, kule Ranchi. Zaidi ya miaka mitano imekatika hapo katikati, na sehemu kubwa ni mgongo.

Wote ni warushaji wa kasi wa daraja la juu kabisa. Tofauti ni mwili, ni namna ya kurusha, au ni hesabu ya ova (mikupuo ya mipira sita)? Na vijana wa miaka 15 hadi 17 wa huku kwetu, ambao wengi hurusha juu ya zege lililotandikwa mkeka, wapewe mipira mingapi kwa wiki?

MshonoWima
Mkuu, vyote vitatu vinahusika, ila naanza na namna ya kurusha kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya.

Mguu wa mbele unapotua, ardhi inaurudishia nguvu inayoweza kufika mara 5 hadi 7 ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 70 anapokea zaidi ya kilo 350 kwa kufumba na kufumbua, na wakati huo huo kiuno chake kimepinda nyuma, kimelala ubavu na kinajizungusha. Mzigo wote unakutana kwenye kipande chembamba cha mfupa nyuma ya pingili mbili za chini za kiuno, L4 na L5. Anayerusha kwa mkono wa kulia kwa kawaida hupasuka upande wa kushoto, wa mkono wa kushoto hupasuka kulia. Mfupa hauvunjiki kwa mpira mmoja. Unachoka kidogo kidogo, na kwa kijana wa chini ya miaka 22 hivi mfupa wenyewe haujakomaa.

Kinachoongeza hatari ni mtindo mchanganyiko: nyonga zinamtazama mpigaji, mabega yamekaa ubavu. Ukikaa ubavu, kaa ubavu mwili mzima. Ukitazama mbele, tazama mbele mwili mzima. Kukagua ni rahisi. Weka simu nyuma ya wiketi (vile vijiti vitatu) za upande wa mrushaji, usawa wa kifua, rekodi kwa mwendo wa polepole. Simamisha picha mguu wa nyuma unapotua, uone mstari wa mabega. Sogeza hadi mguu wa mbele utue, uone tena. Mabega yakiwa yamerudi nyuma nyuzi 30 au zaidi kati ya picha hizo mbili, hapo pana kazi ya kufanya. Marekebisho huanzia kwenye kisigino cha nyuma. Ukikielekeza mahali nyonga na mabega yanapoelekea, mara nyingi juu kote hujipanga.

Anderson alikuwa na kichwa kinachoanguka kutazama ardhi wakati wa kuachia mpira. Makocha wakaona ni kasoro, wakambadilisha ili asiumie, na mwaka 2006 akapata ufa wa mfupa mgongoni. Alipopona akarudia mtindo wake wa asili. Kwangu hilo ndilo somo kubwa la kazi yake. Mrushaji ambaye nyonga na mabega yake vinakwenda pamoja mwache, hata kama kichwa chake hakikupendezi.

Daftari_la_Ova
Nakubaliana na MshonoWima, lakini mtindo mzuri hauokoi mtu aliyerushishwa kupita kiasi. Nijibu swali la hesabu.

Bodi ya kriketi ya Uingereza imetumia kwa miaka mingi viwango vifuatavyo kwa warushaji wa kasi: chini ya miaka 13, ova 5 kwa awamu moja kabla ya kupumzishwa na 10 kwa siku, chini ya 14 na 15, ova 6 na 12, chini ya 16 na 17, ova 7 na 18. Nahodha mwenye tamaa ya ushindi ndiye adui wa kwanza wa viwango hivi. Anamwona kijana anang'oa wiketi, anamwachia ova ya 8, ya 9, ya 10.

Halafu hesabuni mipira, msihesabu ova za mechi peke yake. Kijana wa miaka 16 akirusha ova 12 Jumamosi ni mipira 72. Akienda neti (mazoezi ndani ya wavu) Jumanne na Alhamisi, 36 kila siku, wiki imefika 144. Hiyo inabebeka kama wiki nne zilizopita zilikuwa karibu na hapo. Kinachovunja ni kuruka ghafla: wiki tatu za mitihani bila kugusa mpira, kisha mashindano ya shule, siku nne, mipira 250. Ukizidi wastani wa wiki nne kwa nusu nzima, umeshaingia pabaya. Pandisha kwa sehemu moja ya kumi au mbili kwa wiki.

Jambo la kuandika ukutani: maumivu mara nyingi hayaji wiki ile ile ya mzigo. Huja wiki ya tatu au ya nne, kila mtu akiwa ameshasahau yale mashindano. Ndiyo maana daftari ni lazima. Tarehe, mipira ya mechi, mipira ya neti, na alama ya uchovu kutoka 1 hadi 10. Mistari minne tu.

Kijiti_cha_Kati
Ngoja niongeze upande wa ajira, kwa sababu swali linahusu maisha ya kazi pia.

Anderson alipunguziwa mechi. T20 (mechi fupi ya ova 20 kila upande) yake ya mwisho ya kimataifa ilikuwa 2009, na ODI (mechi ya siku moja, ova 50 kila upande) ya mwisho ni Kombe la Dunia 2015. Miaka tisa iliyobaki Uingereza ilimtumia kwenye Testi pekee. Tangu 2000 bodi yao ina mikataba inayowaweka wachezaji wakuu chini yake, hivyo ina sauti katika kuamua nani apumzike. Mrushaji anayelipwa kwa mechi na klabu tatu tofauti hana mtu wa kumwambia leo kaa nje.

Pia alibadilisha silaha. Kasi ilipopungua, aliongeza ujuzi wa kutumia mshono wa mpira. Mbali na mpira wenye mshono uliosimama wima, unaopinda hewani, alijifunza ule wa mshono unaoyumba, ambao hata mrushaji hajui utakata upande gani ukigusa pichi. Mwenyewe amesema aliuona kwa Mohammad Asif, mrushaji wa Pakistan, mwaka 2010.

Linganisha na Shane Bond wa New Zealand. Kipaji cha ajabu, kasi kweli kweli, lakini mgongo ulimruhusu Testi 18 tu, wiketi 87. Au Jasprit Bumrah wa India: alifanyiwa upasuaji wa mgongo 2023, akarudi, kisha kwenye Testi tano dhidi ya Australia 2024/25 akarusha ova 151.2 na kung'oa wiketi 32. Siku ya mwisho pale Sydney hakuweza kurusha, mgongo ulikaza. India walipokwenda Uingereza katikati ya 2025 akapangiwa Testi 3 kati ya 5. Watu walilalamika sana. Mimi naona walifanya sawa, na nasikitika kwamba hawakuanza mapema.

Angalia pia hatari ya kuhama kutoka T20. Kule ni ova 4, mipira 24. Testi inaweza kudai ova 20 kwa siku. Anayetoka ligi ya miezi miwili na kuingia Testi bila wiki tatu au nne za kupandisha mzigo anajitafutia ufa.

Chipukizi_Upanga
Asanteni sana wakuu, hii ni shule. Mawili yamebaki. Nitajuaje maumivu ni ya mfupa na si msuli? Na kuhusu zege na mkeka, kuna namna ya kupunguza madhara?

FizioPwani
Kaka, msuli hukaza pande zote mbili na kulegea ukipasha mwili. Mfupa huuma upande mmoja, chini, sehemu unayoweza kuigusa kwa kidole kimoja. Msimamishe kijana kwa mguu mmoja, ule wa upande unaouma, apinde mgongo nyuma taratibu. Akishtuka hapo, asirushe tena hadi apimwe. Kipimo hiki hakithibitishi chochote, ila kinatosha kumsimamisha. Eksirei ya kawaida mara nyingi huonekana safi na watu hurudi uwanjani wakidhani wamepona. MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ndiyo huonyesha mfupa uliovimba kabla haujapasuka. Ukiwahi hatua hiyo, mapumziko ni wiki kadhaa. Ukishapasuka, hesabu miezi 6 au zaidi. Kurudi huanza na mbio tu, kisha mipira 12 kwa kurusha umesimama, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kisha hatua chache za mbio. Mbio kamili ni za mwisho.

Kuhusu zege: mkeka uvutwe hadi ukaze na kupigiliwa vigingi pande zote, kwa sababu ukilegea mguu wa mbele huteleza na goti hujipinda. Mstari wa mbele uko mita 1.22 kutoka wiketi, basi hakikisha ukingo wa mkeka hauangukii hapo mguu unapotua. Njumu za chuma ziache nyumbani, vaa soli ya mpira yenye vijino na kisigino kinene. Kama kidole gumba kinajibana mbele kila ukitua, toboa kiatu hicho hapo juu ya kidole. Warushaji wa daraja la juu hufanya hivyo. Na mazoezi ya neti, angalau siku moja kwa wiki, yahamishieni kwenye nyasi, mpigaji asiwepo, kijana alenge kijiti kimoja tu.