Mjadala: Wachuuzi wa vitafunwa India wahamishiwe kwenye vituo maalumu, au waachwe barabarani?

Ndugu zangu, hoja yenyewe ni hii. Miji mikubwa ya India inajenga vituo vya chakula vyenye maji ya bomba, taa na vyeti vya usafi, na wapo wanaotaka wachuuzi wote wa vitafunwa wahamishiwe humo. Kituo cha kwanza kupewa cheti na FSSAI, mamlaka ya usalama wa chakula ya huko, ni cha ziwa Kankaria, Ahmedabad, mwaka 2018. Wanaounga mkono wanasema afya ya mlaji haina mjadala. Mimi nataka ukaguzi mkali na napinga kuhamishwa, na naomba mambo haya mawili tusiyachanganye.

Nianze na upande unaouma, maana sisi tunaowatetea wachuuzi huwa tunauruka. Chukua pani puri. Mchuuzi anashika kipuri, yaani kijimkate cha kukaanga, kikavu na kilichofura, anakitoboa kwa kidole gumba, anakijaza viazi, kisha anazamisha mkono kwenye chungu cha maji ya mnanaa na pilipili. Anakupa, unakitia chote mdomoni kwa mara moja. Kama maji yale ni machafu, hakuna moto wa kukuokoa. Mwaka 2024 jimbo la Karnataka lilipima sampuli zipatazo 260 za pani puri, na 41 zikakutwa na rangi bandia za hatari. Miezi michache kabla, mwezi Machi, lilikuwa limepiga marufuku rangi hizo kwenye gobi manchurian, ile koliflawa ya kukaanga yenye rosti nyekundu, pamoja na rangi ya viwandani iitwayo rhodamine-B kwenye pamba ya sukari. Karnataka ilifanya jambo la haki kabisa. Rangi ile haina ladha wala lishe, ipo kumvutia mtoto wa mtu tu.

Ila tazameni: Karnataka ilishika rangi, haikushika mkokoteni. Ahmedabad, Novemba 2021, walifanya kinyume. Mikokoteni ya mayai na nyama iliondolewa kwenye barabara kuu, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni harufu na hisia za kidini za wapita njia. Wachuuzi wakaenda Mahakama Kuu ya jimbo lao, Gujarat, na Desemba ile jaji akawauliza wakubwa wa jiji wanapata wapi uwezo wa kumwamulia mtu ale nini nje ya nyumba yake. Hiki ndicho kinachonitisha. Mkimpa ofisa mamlaka ya kuhamisha kwa jina la usafi, kesho atayatumia kuhamisha asichokipenda.

Halafu kuna suala la vyakula vyenyewe. Vada pav ya Mumbai ni viazi vilivyopondwa, vikachovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa kama kachori zetu za Zanzibar na Mombasa, kisha vikatiwa ndani ya mkate na chatini kavu ya kitunguu saumu. Inasimuliwa kwamba ilianza kuuzwa nje ya stesheni ya Dadar miaka ya 1960, na ilishika kwa sababu mtu aliyeshuka treni anakula amesimama, kwa pesa kidogo, na anawahi kazini. Kolkata kipuri kile kile kinajazwa viazi na dengu nyeusi, kinachovywa maji ya ukwaju, unapewa kwenye kikombe cha majani. Mumbai utawekewa rojo la moto la njegere nyeupe. Wauzaji wengi wa Kolkata ni wahamiaji kutoka jimbo la Bihar waliokuja na mtaji mdogo. Mtu huyo kodi ya kibanda ataitoa wapi? Na mwenye kulipa kodi lazima auze kinachopendwa na kila mgeni, sio kile ambacho mtaa wake tu ndio unakijua.

Mtanitajia Indore, na ni haki yenu. Ule ni mji unaoongoza kwa usafi India tangu 2017, na eneo lake la vyakula la Chappan Dukan limepangwa likapendeza. Lakini Indore hiyo hiyo ina Sarafa, mtaa wa masonara. Usiku masonara wakishafunga, wapishi wanatandaza makarai yao mbele ya milango ile ile: viazi vikuu vya kukaanga, mahindi mabichi yaliyokunwa yakapikwa kwa maziwa. Pale watu waligawana saa, mchana wa dhahabu na usiku wa chakula.

Sheria nayo ipo. Ile ya wachuuzi ya mwaka 2014 inakataza kumwondoa mchuuzi kabla wachuuzi wa eneo hawajahesabiwa, na inataka angalau asilimia 40 ya wajumbe wa kamati za mji zinazosimamia uchuuzi wawe wachuuzi wenyewe. Basi jiji lipeleke bomba la maji safi stesheni na kwenye kona zenye wachuuzi wengi, lidai upawa badala ya mkono mtupu, lipime rangi na mafuta bila kutoa taarifa. Atakayekutwa na sumu afungiwe yeye, sio mtaa mzima.

Anayeunga mkono vituo anijibu mawili. Wachuuzi wakizidi vibanda, nani atachagua wa kubaki, na kwa kigezo gani? Na abiria wa Dadar, chakula atakifuata wapi?