Mrejesho: kivumbasi kimeleta nyuki, mishubiri imenigomea

Wakuu za siku nyingi. Mwaka jana niliuliza hapa mbona mpasheni wangu (wa njano, niko Morogoro) unatoa maua kibao halafu yanadondoka yote, mkasema nyuki hamna, nipande nyumbani maua ya kienyeji yanayodumu, kivumbasi na mshubiri (alovera). Asanteni sana aisee.

Kivumbasi kwanza niliharibu, mbegu nilizifukia kama maharage haikuota hata moja, kumbe zinataka mwanga unamwagia juu tu. Nikaona isiwe tabu nikakata vijiti kwa jirani nikachomeka 10, vikashika 7, sasa hivi vimenifika kiunoni na kuanzia saa 3 asubuhi ni mvumo tu, nyuki wa kawaida, wale wadogo wasiouma, na yale meusi makubwa yanayotoboa mbao. Hayo ndo wenyewe wa kuchavusha pasheni! Mchana pasheni ikifunua yanaingia na kutoka mgongo wote njano kwa chavua. Matunda nimeshavuna ndoo mbili, zamani nilikuwa naokota ya kuhesabu.

Mishubiri nilipanda 6, nikawa namwagilia kila siku kama mchicha, 4 zikaoza. Mbili zilizobaki hazijatoa ua so wale ndege chozi mlioniahidi watafuata maua yake bado sijawaona.

Aliyesema niache kupiga dawa ya wadudu, nimeacha, ila vidukari wamenimalizia mchicha, hapo bado tunapambana.