Naomba ushauri: jua la Juni Stonehenge, tukae upande gani?

Habari zenu wakuu. Tuko wanne, mmoja mzee anayesumbuliwa na magoti, tunataka kukesha Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale Uingereza, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Juni, siku ndefu kuliko zote. Kuingia usiku huo ni bure, ila maegesho yanalipiwa. Kwa treni tunashukia mji wa Salisbury, kisha basi. Mahema, viti vya kukunja, pombe na chupa za glasi haviruhusiwi, kwa hiyo mpango ni makoti mazito, chai ya chupa ya moto na begi dogo. Usiku wa pale ni baridi hata Juni, na umande unalowesha viatu.

Jua linachomoza kama saa 10:50 alfajiri, kaskazini-mashariki, upande wa lile jiwe la peke yake linaloitwa Heel Stone. Ukitazama ramani, pa kusimama ni katikati ya duara. Tatizo, katikati hujaa watu na ngoma mapema, na ukichelewa unaona migongo tu (na simu zilizoinuliwa).

Waliowahi kwenda, naomba mnisaidie mawili:

Je, nje ya duara kuna sehemu ambayo jua bado linaonekana vizuri juu ya Heel Stone, au ni lazima kushika nafasi ndani tangu usiku?

Na kwa mzee, Desemba, siku fupi kuliko zote, si afadhali? Watu ni wachache na hakuna kukesha, lakini wanaruhusu kuingia asubuhi, wakati mstari wa mawe majira hayo unaelekea machweo, kusini-magharibi. Kuna mahali halali pa kuyaona machweo hayo?