Jellyfin inakataa kucheza video umeme ukirudi: naomba ushauri

Mwanzisha uzi, Kirumba:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kompyuta yangu ya zamani ya mezani yenye Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) nimeifanya seva ya video za nyumbani kwa kuiwekea Jellyfin, programu ya kutazama video zako kupitia mtandao, kwa apt, amri ya Ubuntu ya kusakinisha programu. Filamu, harusi za ukoo na nyimbo za kwaya ziko kwenye diski ya nje, na mzee huzitazama sebuleni kupitia Wi-Fi ya ndani, bila kula bando. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta hujiwasha yenyewe na ukurasa wa Jellyfin (bandari, yaani port, 8096) hufunguka, majina na picha zote zikiwepo, lakini hakuna kinachocheza mpaka nirudi nyumbani na kuingia kwa nywila yangu. Nimeondoa programu na kuisakinisha upya mara mbili. Juzi mzee ameniuliza kama harusi ya dada nimeifuta.

Mchangiaji, Nyegezi:
Ndugu, jibu umelitaja mwenyewe: nywila. Ubuntu ya mezani hupachika (mount) diski ya nje, yaani huiunganisha ili faili zisomeke, chini ya /media pale tu mtu anapoingia, ilhali Jellyfin huanza kazi mara kompyuta inapowaka, tena kwa jina la mtumiaji wake mwenyewe, kwa hiyo haiikuti diski. Tafuta UUID (namba ya utambulisho) ya diski kwa amri ya blkid, andika mstari wake katika /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa kompyuta inapowaka, ili ipachikwe mahali pa kudumu kama /srv/video, na usisahau neno nofail, ili kompyuta iwake hata waya ukichomoka. Kama diski imeumbizwa (format) kwa exFAT, chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, haitakusaidia. Ruhusa huandikwa kwenye mstari huohuo. Kisha ielekeze maktaba kwenye njia mpya.

Mchangiaji, Igoma:
Kusakinisha upya hakukubadilisha kitu kwa sababu apt remove huacha mipangilio ilivyo. Msije mkamshauri atumie apt purge, inayofuta na mipangilio, atapoteza mipangilio yote! Na kabla ya kupandisha toleo, simamisha huduma unakili /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin, maana hifadhidata ikishabadilishwa na toleo jipya, huwezi kurudi la zamani bila nakala hiyo.

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana. Ilikuwa exFAT kweli, na mstari mmoja umetosha. Jana umeme umekatika nikiwa Makoroboi. Baadaye mzee akapiga simu, nikajiandaa kwa lawama, kumbe anauliza sauti inaongezwa wapi.