Dada wa kazi anayelala kwako alipwe nusu ya yule anayerudi kwao jioni, hii ni haki kweli?

Wadau habari zenu, naomba hii kitu tuijadili kwa utulivu maana kila ikiguswa watu wanaishia kutukanana. Hapa Tanzania, amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, ile iliyoanza kutumika Januari 2023, iliwagawa wafanyakazi wa majumbani mafungu manne. Anayefanya kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa alipangiwa shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa maofisa wenye stahiki ya kupewa mfanyakazi wa nyumbani 200,000, halafu huku kwetu sisi wengine wote asiyelala kwako 120,000 na anayelala kwako 60,000. Amri ya 2013 nayo ilikuwa hivyohivyo, 80,000 kwa 40,000. Nusu kwa nusu.

Watu wanaitetea hiyo nusu kwa kusema anakula, analala, maji na umeme hachangii. Sawa, ila hebu tuangalie siku yake ilivyo. Yule wa kutwa anaingia saa mbili asubuhi, jioni anachukua mkoba wake anapanda daladala. Huyu wa kulala saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni kwa sababu basi la shule halisubiri mtu, anaogesha watoto, anafua, anapika mchana, anapika jioni, na baba akirudi saa tano usiku ni yeye anafungua geti na kupasha chakula, na mtoto akilia usiku mara nyingi analala naye yeye maana chumba chenyewe ni cha watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Gawanya 60,000 kwa saa hizo za mwezi unapata kama shilingi 308 kwa saa. Sasa weka saa 14 kila siku bila Jumapili, zinafika 420 kwa mwezi, inabaki shilingi 143. Yaani kulala kwake pale ndiko kunatuwezesha kumtumia alfajiri mpaka usiku wa manane, faida ni yetu, halafu tunamkata hela kana kwamba tumempa hifadhi. Mimi nasema hilo fungu la nusu lifutwe. Karibuni.

MWAJIRI, NESI:
Mleta mada unaongea vizuri ila njoo uishi kwangu mwezi mmoja. Mimi ni nesi, naingia zamu za usiku, likizo ya uzazi ni siku 84 zikiisha narudi wodini na mtoto hajafika hata miezi mitatu, nimpeleke wapi? Dei kea ya mtaani kwetu mtoto mchanga hawapokei. Kodi, nauli, mkopo, ada ya mkubwa, vyote vinatoka kwenye mshahara mmoja kwa sababu mume wangu kazi yake ni ya msimu. Mkisema 120,000 kwa kila mtu mimi namrudisha binti wa watu kwao na huko hakuna anayemsubiri na ajira. Na chakula siyo kitu kidogo jamani, anakula tunachokula wote, akiumwa nampeleka mimi hospitali, nguo za sikukuu nanunua, msituweke wote kwenye kapu la watesaji.

MLETA MADA:
Dada nesi pole na hongera kwa kazi, na sijakuweka kwenye hilo kapu. Lakini hapo umesema jambo kubwa, kwamba hakuna pa kumpeleka mtoto. Hilo ni deni la serikali na la waajiri wenu, sasa mbona anayelilipa ni binti wa miaka kumi na nane kutoka Iringa au Singida? Kama hela kweli haipo basi mpe muda. Saa mbili usiku kazi iishe, Jumapili iwe yake kabisa, aende kanisani, aende kwa ndugu yake, akitaka ajifunze cherehani ajifunze. Hapo utakuwa umekaribia kumlipa kwa saa alizofanya kweli.

ALIYEFANYA KAZI ZA NDANI:
Naomba niongee maana nimezifanya hizi kazi Dar na baadaye Mwanza. Mnabishana sitini au mia na ishirini, mimi hata hiyo sitini sikuwa naishika. Nilikuja mjini kupitia shangazi, bosi akawa anamtumia shangazi hela kwa simu kila mwisho wa mwezi, nikiuliza naambiwa inatunzwa. Nilipotaka kuondoka hakukuwa na kitu. Sahani ikivunjika inakatwa, pasi ikiunguza nguo inakatwa, hakuna anayeandika. Baadaye sana ndio nikaja kujua kwamba sheria inataka makato ya kitu kilichoharibika uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kujitetea, na yasizidi robo ya mshahara. Na ukifukuzwa una siku 30 tu za kupeleka lalamiko CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, sasa binti hana simu, hana nauli, geti limefungwa, hizo siku 30 anazitumiaje? Huku Mwanza angalau kuna WoteSawa, shirika la kutetea wafanyakazi wa majumbani, alilianzisha Angela Benedicto ambaye mwenyewe alifanya kazi za ndani, mabinti wanapata pa kukimbilia. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, nao wapo, ila chama kinamfikiaje mtu aliye ndani ya nyumba ya mtu?

MCHANGIAJI MWINGINE:
Mi mikataba siitaki. Dada wa kwangu ni kama ndugu, ukishaleta makaratasi undugu umekufa. Halafu nyie mnatetea upande mmoja, huyu wa mwisho aliamka usiku akaondoka, watoto tumewakuta peke yao asubuhi. Nani atanilipa mimi?

MLETA MADA:
Kuacha watoto peke yao ni kosa, silitetei. Lakini mkataba ndio ungekusaidia, maana sheria hiyohiyo anayelipwa kwa mwezi anatakiwa atoe notisi ya siku 28, na wewe vilevile usimtoe usiku na begi lake kwa kuwa mmekosana na mama mkwe. Na kama ni ndugu, mbona haketi mezani na mnapogawana urithi hatajwi?

KIJANA WA TANGA:
Dada yangu wa damu yuko Muscat, Oman, kwenye kazi hizihizi za ndani, akituma ujumbe kwamba pasipoti imeshikwa na hapumziki ukoo mzima tunalia. Nyumbani kwetu huyu wa jikoni naye mara ya mwisho kwenda kwao hakuna anayekumbuka na hatujawahi kukaa kikao. Siku 28 za likizo kwa mwaka mimi nimezisikia ukubwani.

MLETA MADA:
Nimesoma wote. Aliyefanya kazi za ndani kanibadilishia mpangilio: kwanza hela iingie kwenye simu yake mwenyewe, siyo ya shangazi wala dalali, na ujumbe wa malipo ubaki kwenye simu hiyo kama ushahidi. Ila kwenye nusu mshahara sijarudi nyuma. Mnaopinga leteni hesabu ya chakula anachokula dada mmoja kwa mwezi na hesabu ya saa anazofanya baada ya saa kumi jioni, tuziweke hapa zote mbili tuone.